Shubiri Moja

Miaka kumi na miwili nimemjua kwa miguu yake.
Kidole gumba cha kushoto kilichopinda,
visigino vyenye vumbi jekundu la Newala,
pindo la kanga lililotobolewa na cheche za kuchoma korosho.
Nikisikia kandambili zake zikiburuta uani
nahamia upande wa pili wa nyumba, kama kivuli.
Kwetu mkwe hatazamwi.
Unamwamkia umechuchumaa, umeelekea ukuta,
na kabla hujakata kona unakohoa.
Si woga huo. Ni kumwachia mtu uso wake
autumie mwenyewe.

Dokta Birgit ametoka mbali.
Kwao, anasema, macho ni mkono wa kusalimiana:
usiponyoosha, umekunja ngumi.
Wiki ya kwanza aliniita pembeni:
"Mbona wagonjwa wote wanatazama sakafu?
Matone wanayatia kweli, au wananidanganya?"
Nikamwambia, yule bibi alikutazama vidole
muda wote ulipokuwa unaandika.
Amekuheshimu hadi kucha.
Akacheka. Kisha akazichungulia kucha zake.

Mimi mwenyewe, chuoni, mwalimu aliniandikia kwenye fomu
"Hajiamini",
maana nilimjibu maswali yote nikitazama viatu vyake.
Vilikuwa vyeusi. Kamba ya kulia ilikatika, ikaungwa fundo.
Majibu nimeyasahau.

Juni ni mwezi wa salfa.
Mikorosho inapuliziwa alfajiri,
na ikifika saa tatu benchi letu limejaa macho mekundu.
Kadi ya ishirini na sita niliisoma kwa sauti
kabla akili haijanishika mkono:
"Esha Nangumbi."
Jina ambalo mdomo wangu haujapata kulibeba.
Kandambili zikaburuta.

Dokta yuko chumba cha upasuaji,
mwenzangu yuko likizo ya uzazi,
na mashine ya macho haina adabu:
kidevu hapa, paji la uso pale,
kati yangu na yeye shubiri moja.
Nilikaa. Nilisimama. Nilifuta kioo kisicho na doa.
Akasema, akiwa ameelekea mlango,
"Baba Tamimu, nimeacha mihogo juani. Fanya kazi."

Nikawasha taa.

Nikaona chale za usichana wake, mistari mitatu kila shavu,
ambazo mke wangu hajanisimulia.
Nikaona kope chache zilizobaki. Kisha mboni,
na ndani yake, mweupe kama tui la kwanza,
mtoto wa jicho.
La pili vilevile.
Nikahesabu: huyu hajaniona huu mwaka wa nne.
Nilikuwa nikimkwepa mtu asiyeniona,
naye, asiyeniona, akaendelea kukohoa,
akaendelea kuvuta kanga hadi puani
kila aliposikia hatua zangu.
Kwenye faili hakuna mstari wa jambo kama hilo.
Nikaandika: Yote mawili. Aanze la kulia.

Asubuhi baada ya upasuaji Dokta akafungua bandeji,
akainama, pua kwa pua, kama kwao.
"Unaniona?"
Nikatafsiri nikiwa nimeelekea kabati la dawa.
"Namwona. Ana madoadoa usoni, maskini. Yanauma?"
Nikatafsiri nusu.

Halafu kimya. Nikahisi kitu kwenye kisogo,
chepesi, kama sisimizi anayetafuta njia.
Sikugeuka. Nilihesabu chupa za matone, nikakosea,
nikaanza upya.
Akamwambia Dokta, asiyejua hata neno la Kimakonde,
"Mwambie binti yangu, mume wake ameota mvi.
Ampunguzie maneno."

Nikakohoa.
Kandambili zikatoka, zikashika korido.
Haziburuti.